Pikipiki ya Umeme Jebel: Tutachaji Wapi, na Betri ni Mali ya Nani?



Somo letu safari hii linahusu chombo ambacho wengi wetu tumekwisha kukisikia, na wachache tumekwisha kukipanda: pikipiki inayokwenda kwa umeme. Katika Kigali, Nairobi na Kampala pikipiki hizi si kitu cha maonyesho tena. Wauzaji wanatazama huku kwetu pia, na ndugu zetu walio Juba, hasa wale wa mtaa wa Jebel, wameanza kuulizana: kikija, tutakichaji wapi? Swali hilo ni zuri kuliko lile la bei. Bei utaambiwa na muuzaji bila kuuliza. Mahali pa kuchajia lazima ukutafute wewe mwenyewe.

Kwa wasiofika huko, Jebel uko upande wa magharibi wa Juba, kando ya barabara ya Yei, chini ya mlima Kujur. Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mlima. Kina mama na vijana huvunja mawe mlimani wakiuza kokoto, soko ni kubwa, na Kiswahili kinasikika kila pembe kwa sababu ya wafanyakazi kutoka Kenya, Uganda na Kongo. Usafiri wa mtu wa kawaida ni boda, au raksha ya magurudumu matatu. Petroli inayoendesha vyombo hivyo husafirishwa kwa barabara kutoka pwani ya Kenya, ikipita Uganda na mpaka wa Nimule. Nchi inachimba mafuta, lakini mafuta ghafi hutoka kwa bomba kwenda Bahari ya Shamu, na petroli hurudi kwa lori. Lori likikwama Nimule, nauli ya boda Jebel hupanda, na mshahara wa mfanyakazi unabaki pale pale. Kwa hiyo jambo hili si la anasa hata kidogo.

Kabla ya kuendelea lazima tuelewane juu ya kipimo. Umeme huuzwa kwa yuniti. Yuniti moja ni umeme unaotumiwa na chombo cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Betri ya pikipiki ya umeme ya kubebea abiria huwa na yuniti 3 hivi, na betri hiyo huipeleka pikipiki kama kilomita 75 ikiwa mzigo ni wa kiasi. Lakini chaja nayo hula umeme kidogo na kuutoa kama joto. Ndiyo maana chaja huwa ya moto ukiigusa. Ili betri ya yuniti 3 ijae, mita ya ukutani itahesabu karibu yuniti 3 na nusu. Basi tushike hesabu hii: yuniti moja ya ukutani ni kilomita 22 hivi za barabara. Pikipiki ya petroli, kwa upande wake, huenda kama kilomita 40 kwa lita moja, ikiwa haijachoka.

Kutokana na namba hizo mbili tunapata kanuni ambayo mtu anaweza kuibeba kichwani. Chukua bei ya lita moja ya petroli, igawe kwa mbili. Ikiwa yuniti moja ya umeme inauzwa kwa bei inayozidi nusu hiyo, pikipiki ya umeme haina faida barabarani, hata ipakwe rangi nzuri namna gani. Ikiwa yuniti ni chini sana ya nusu hiyo, hapo tuendelee na mazungumzo.

Hebu tuijaribu kanuni hii Kenya, ambako namba zinajulikana. Aprili 2023 serikali ilitangaza bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti mchana, na shilingi 8 saa ambazo umeme hautumiki sana, kabla ya kodi na tozo. Mwezi Septemba mwaka huo huo petroli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita. Nusu yake ni 100. Umeme wa 16 dhidi ya kikomo cha 100! Kwa petroli, kilomita moja ilimgharimu mwenye boda shilingi 5. Kwa umeme wa bei hiyo, chini ya shilingi moja. Hapo hakuna haja ya mhubiri. Lakini angalieni sababu. Umeme wa Kenya hutoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwenye mito na kwenye upepo. Uganda hutegemea Mto Nile, na mtambo wa Karuma wa megawati 600 ulizinduliwa Septemba 2024. Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji, ilichukua hatua kali zaidi: mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Nchi hizi hazikuanza na pikipiki. Zilianza na mabwawa na visima vya mvuke, na pikipiki ikafuata.

Je, Jebel?

Kwa miaka mingi Juba iliishi kwa jenereta. Kila duka na lake, kila ofisi na lake, na mlio wake usiku kucha. Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa dizeli wa megawati 33 uliojengwa na kampuni ya Ezra, na umeme wake ukaanza kugawiwa mjini na kampuni iitwayo JEDCO kwa mita za kulipia kabla ya kutumia. Mwaka 2025 ukaongezwa mtambo wa jua wa megawati 20 pamoja na betri za kuhifadhia. Hayo ni maendeleo, na tusiyabeze. Hata hivyo nyumba nyingi bado haziko kwenye waya, na umeme unaotoka kwenye dizeli hubeba ndani yake bei ya lori lile lile la Nimule.

Sasa tusikilize hesabu ya dizeli, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu husema: "Nitanunua pikipiki ya umeme, nitaichaji kwa jenereta langu dogo, nami nitaagana na kituo cha petroli." Ndugu, hutaagana nacho. Jenereta dogo la petroli hutoa yuniti moja na nusu kwa lita, likiwa zima sana yuniti 2. Zidisha kwa kilomita 22: utapata kilomita 33 hadi 44. Ni zile zile 40 ulizokuwa ukienda kwa pikipiki ya zamani! Umenunua chombo kipya, umenunua betri, umenunua chaja, na petroli inayochomwa ni ile ile, isipokuwa sasa inachomwa nyuma ya nyumba. Mtambo mkubwa wa dizeli ni jambo jingine. Huo hutoa karibu yuniti 4 kwa lita. Ukitoa kinachopotea kwenye nyaya, nyumbani hufika yuniti 3 na kidogo, yaani kilomita 70 hivi. Kwa hiyo hata dizeli, ikichomwa mahali pakubwa pamoja, ni afadhali kuliko kila mtu kuchoma yake. Lakini je, mfanyakazi anauziwa yuniti hiyo kwa bei gani? Rudini kwenye kanuni ya nusu, mkiwa na risiti ya mita mkononi.

Jebel tayari una vituo vya umma vya kuchajia. Tena ni vingi. Ni vile vibanda vya kuchajia simu, vyenye ubao wa soketi, waya mmoja unaotoka kwenye jenereta au paneli ya jua juu ya bati, na simu thelathini zimelala mezani zikiwa na vipande vya karatasi vya namba. Kwa hiyo wako wanaodhani kwamba pikipiki itaingia mlango huo huo. Tuliketi siku moja na kijana mwenye kibanda cha namna hiyo, tukafanya naye hesabu kwa kalamu. Simu ya leo ikijaa hula sehemu ndogo mno: yuniti moja hujaza simu kama 40. Betri moja ya pikipiki, basi, ni simu kama 140. Yule kijana alicheka, akauliza kama mwenye pikipiki atalipa kama watu 140. Hawezi, bila shaka. Bei ya kibanda cha simu ndiyo bei ya umeme iliyo ghali kuliko zote, nasi tunaikubali tu kwa sababu simu hunywa kidogo. Tena jenereta lake la kilowati moja lingeshikwa na pikipiki moja kwa saa tatu na nusu, simu zote zikingoja. Kibanda kinatufundisha kwamba watu watakuja na watalipa. Kuchaji pikipiki hakiwezi.

Kinachobaki ni jua, na jua Juba si haba. Paneli moja ya wati 400, ikiwekwa vizuri na kupanguswa vumbi, hutoa siku ya kiangazi karibu yuniti moja na robo tatu. Paneli mbili ni betri moja kwa siku. Wakati wa masika, toka Aprili hadi Oktoba, mawingu huipunguza hesabu hiyo, nayo lazima ipangwe tangu mwanzo, isije ikawa habari ya kushangaza mwezi wa Agosti.

Lakini jua lina ukaidi wake. Hulipa mchana, na mchana ndipo mwendesha boda yuko barabarani. Hawezi kuifunga pikipiki chini ya paneli saa nne huku abiria wanapita. Ndiyo maana Kigali na Nairobi walichukua njia ya kubadilisha betri. Kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo Kigali mwaka 2019: mwendeshaji hufika kituoni, huchomoa betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, na huondoka baada ya dakika chache. Betri ndiyo inayobaki kuchajiwa, pikipiki huendelea kutafuta riziki. Toka Januari 2025 Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubebea abiria mjini Kigali. Kwa mahali kama Jebel njia hii inafaa kuliko nguzo ya kuchajia, maana betri kumi zinaweza kulala juani chini ya mlinzi mmoja, na umeme ukikatika saa mbili hakuna mtu aliyekwama.

Hapo, ndugu wafanyakazi, tumefika kwenye kiini cha somo. Katika njia hii, pikipiki ni yako lakini betri ni ya kampuni. Wengine husema, kuna ubaya gani? Tena upo uzuri. Betri huchukua sehemu kubwa ya bei ya pikipiki ya umeme, na kila mwaka nguvu yake hupungua. Betri ikiwa ya kampuni, kuchakaa kwake ni hasara ya kampuni. Hilo ni jambo la haki na tulikubali. Lakini angalieni upande wa pili. Mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Baadhi ya mikataba hukataza kuchaji nyumbani. Baadhi ya pikipiki zina chombo ndani kinachoweza kuzima injini kutoka mbali, mwenyewe akichelewa kulipa. Na ikiwa kituo ni kimoja tu mtaani, yule anayepanga bei ya kubadilisha betri ndiye anayepanga pato lako la siku. Mwenye petroli ya bei mbaya unaweza kumkimbia uende kwa mwingine. Huyu humkimbii, maana umefungwa kwake kwa plagi.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, someni karatasi. Asiyejua lugha ya mkataba na atafute mwenzake amsomee. Hakuna aibu hapo, aibu iko kwenye kusaini usichokijua. Ulizeni kwanza: nalipia yuniti, au nalipia mabadilishano? Tofauti ni kubwa. Mwendeshaji akirudisha betri yenye robo ya umeme na kulipishwa betri nzima, robo ile ameiacha sadaka, na kesho tena, na kesho kutwa tena. Ulizeni bei inaweza kupandishwa na nani, na kwa taarifa ya siku ngapi. Ulizeni kampuni ikifunga mlango na kuondoka Juba, pikipiki itapata wapi betri. Swali hili la mwisho wauzaji hawalipendi, nasi tunashauri liulizwe kwa sauti.

Tumezungumza mno juu ya boda. Wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu wa viwandani na mashambani, na hao wana bahati ambayo mwendesha boda hana. Pikipiki ya mfanyakazi wa kiwanda hulala. Inafika saa moja asubuhi, inaegeshwa uani, na haiguswi hadi zamu imalizike. Muda wote huo jua linawaka juu ya bati la kiwanda, na kwa kawaida bati hilo halifanyi kazi nyingine ila kutuchoma sisi tulio chini yake. Paneli ishirini zingeenea mita za mraba 40 tu, kipande kidogo cha paa la ghala lolote Juba, na siku ya kiangazi zingejaza betri kumi. Na kwa kuwa mfanyakazi haendi kilomita 75 kwa siku, bali labda 15 kwenda na kurudi, betri kumi zingetosha watu wengi kuliko kumi. Hapa hahitajiki mtu wa kubadilisha betri wala kampuni ya katikati. Inahitajika soketi uani, kivuli, mtu wa ulinzi, na mwajiri aliyekubali.

Mwajiri atakubali? Tumezoea kudai posho ya usafiri kwa fedha, na fedha hiyo huliwa na bei ya petroli kabla haijafika mfukoni. Nafasi ya kuchajia ni posho ya usafiri isiyoliwa na bei. Inaweza kuandikwa katika mkataba wa hali bora kama vile chakula cha mchana au sare zinavyoandikwa. Katika mashamba makubwa hoja hii ina nguvu zaidi. Baadhi ya mashamba ya chai ya Kericho yana mitambo yao midogo ya umeme wa maji tangu zamani. Umeme wa namna hiyo hauendi Nimule kungoja lori. Tukumbuke tu kuuliza mapema: umeme huo utatolewa bure, au utakatwa kwenye mshahara, na ukikatwa, mita itasomwa na nani? Tumeona makato mengi yaliyoanza kama zawadi.

Juu ya magari tutasema machache. Gari dogo la umeme lina betri ya yuniti 40 hadi 60. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani huchukua usiku mzima na mchana wake. Mashine ya kuchaji haraka ya kilowati 50 huvuta umeme kama pasi ishirini na tano za nguo zikiwashwa pamoja, na waya wa mtaa haukupangiwa hilo. Mwenye gari la namna hiyo Jebel atachaji ndani ya ua wake mwenyewe wenye paneli, kama anao. Hilo si tatizo letu la leo.

Lakini usalama ni tatizo letu. Chaja ya pikipiki huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, si kama simu. Waya mwembamba wa kuunganisha vipande viwili kwa gundi, uliopitishwa dirishani, utapata moto. Tumia waya mnene, fyuzi au swichi ya kujikata, na waya wa ardhi. Usichaji chumbani mnamolala watoto, wala mlangoni pa kutokea. Betri ikishika moto hutoa moshi wa sumu na huwaka upya hata unapodhani imezimika. Chaja iwe ile iliyokuja na betri. Masika, soketi ziwekwe juu, mbali na matope na maji, na betri iliyovimba au kuanguka vibaya isichajiwe hata kama inaonekana kufanya kazi.

Maswali ya kujadili katika tawi:

Bei ya lita ya petroli mahali penu wiki hii ni kiasi gani, na yuniti ya umeme ni kiasi gani? Fanyeni kanuni ya nusu ubaoni, na wanachama wote waone jibu.

Ni wanachama wangapi huja kazini kwa pikipiki, wanakwenda kilomita ngapi, na pikipiki zao husimama uani saa ngapi kwa siku?

Umeme wa mahali penu pa kazi hutoka wapi: waya wa mji, jenereta, maji au jua? Ikiwa ni jenereta dogo, je, kudai soketi ya kuchajia kuna faida yoyote?

Ikiwa wanachama watajikusanya katika ushirika wakanunua paneli na betri zao, nani atashika funguo usiku, na mwanachama anayehama atarudishiwa nini?